Kuambiwa uko "naive" ni sifa au tusi?

Habari za jioni wakuu. Wiki iliyopita nilimtumia fundi wa printa elfu 80 ya tona kwa simu kabla hajaleta mzigo, jamaa kazima simu mpaka leo. Bosi wangu ni mzungu, kanisikiliza weee mwisho akatabasamu akasema nina roho nzuri ila niko naive. Mi nikajua hilo la pili linaendana na la kwanza, nikamshukuru kabisa, kumbe jirani yangu wa meza kajiziba mdomo asicheke. Nimegugo naona wameandika innocent, sasa hiyo si sifa? Nisaidieni kesho nina kikao naye.

Pwaguzi: Umeitwa zuzu kistaarabu halafu ukasema asante 😂😂

Ticha Mstaafu: Zuzu hapana, usimtishe mwenzio. Zuzu hata umfundishe haelewi, huyu anaelewa ila ulimwengu haujamfunza bado. Innocent ni mtu hana kosa, au hajachafuliwa na mabaya. Naive ni mwepesi wa kuamini, anadhani kila mtu ana nia kama yake. Mtoto wa miaka 6 ukimwita hivyo hakuna ubaya, ila mtu mzima anayeshika hela ya ofisi hapo kalaumiwa, kwa upole lakini kalaumiwa. Neno limetoka Kifaransa, mzizi wake Kilatini nativus, yaani cha kuzaliwa nacho, ndo maana lina undugu na native. Na linatamkwa na-IIV jamani, sio neivu.

Nesi wa Zamu: Kliniki tunaliandika kwenye mafaili na wala sio tusi. Mgonjwa ambaye hajawahi kumeza ARV hata siku moja ndo anaitwa naive, basi.

Dada Karafuu: Hata kwenye picha lipo. Nimeuza sana picha za Tingatinga, mtalii akisema hii ni sanaa naive nilikuwa nanuna kweli, baadae nikaja kujua ni jina la uchoraji wa mtu ambaye hakusomea sanaa darasani. Edward Tingatinga mwenyewe si alianzia Dar miaka ya 60 mwishoni na rangi za baiskeli kwenye hadibodi, shule ya uchoraji aliijulia wapi

Muuliza swali: Asanteni sana. Kwa hiyo kesho nimwambieje ajue nimeshaamka?

Ticha Mstaafu: Usimwambie kitu. Nenda na risiti ya fundi mwingine, na tona iwe imeshafungwa kwenye mashine.