"Mwamko mdogo wa wazazi" katika utafiti wa utoro: nitumie nadharia ipi, na nimhoji nani?

Mtafiti_Kusini

Wakuu, salaam. Naandaa utafiti wa shahada ya kwanza ya sosholojia kuhusu utoro wa wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba, shule mbili za msingi katika kata moja mkoani Lindi. Kwenye pendekezo niliandika kwamba chanzo kikuu ni mwamko mdogo wa wazazi. Msimamizi kalirudisha, kaandika pembeni: "Mwamko unaupimaje? Nadharia iko wapi?"

Nina uwezo wa hojaji 60 na wiki tatu za kukaa uwandani. Nimekwama pawili. Kwanza, nichague uamilifu, mtazamo wa migogoro au mtaji wa kitamaduni? Pili, nimhoji nani hasa, maana watoto wengi kule hawaishi na baba na mama.

KayaKwanza

Msimamizi wako ana haki, mkuu. "Mwamko mdogo" ni lawama, si kitu cha kupima. Ukimuuliza mzazi kama elimu ina umuhimu atakujibu ndiyo, na jirani yake atajibu ndiyo, nawe utarudi chuoni na hojaji 60 zinazofanana.

Livunje neno hilo liwe maswali manne. Nani anaamua kama mtoto ataenda shule leo? Nani anatoa hela ya daftari na sare? Nani anajua mtoto alipata ngapi kwenye mtihani uliopita? Nani anaihitaji mikono ya mtoto nyumbani au shambani? Majibu yanaweza kuwa watu wanne wa nyumba tofauti: bibi anamwamsha, mama yuko Dar anatuma hela, mjomba ndiye mwenye neno la mwisho, na baba mdogo ndiye anayemtaka shambani. Kusini kuna Wamwera, Wayao na Wamakonde, ambao kwa desturi ukoo hufuata upande wa mama. Ukimhoji baba peke yake utaandika "mzazi hashiriki", kumbe wenye wajibu hukuwafikia.

Kwa hiyo anzia kwenye kaya, yaani watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Ukurasa wa kwanza wa hojaji uwe jedwali la wanakaya: umri, jinsia, uhusiano na mkuu wa kaya, mama mzazi yuko wapi, baba mzazi yuko wapi, na miezi mingapi kati ya 12 iliyopita mtu huyo amelala hapo. Safu hiyo ya mwisho usiiruke. Ndiyo inayokuonyesha mtoto anayehamishwa kati ya nyumba mbili, na mtoto wa hivyo huwa mtoro katika daftari la shule moja huku akionekana mgeni katika nyingine.

Halafu kuna mtego wa lugha yetu wenyewe. Mwanamke akiulizwa "huyu ni nani wako?" kuhusu mtoto wa dada yake, atasema "mwanangu", na hasemi uongo. Kwenye jedwali lako mtoto wa kulelewa atakuwa amegeuka mtoto wa kuzaa. Usijaribu kurekebisha kwa kuuliza "umemzaa wewe?", ni swali la kuumiza, hasa mtoto akiwa amesimama mlangoni anasikiliza. Uliza "mama yake mzazi anaishi wapi?" na jibu litakuja lenyewe.

Sura_ya_Pili

Nijibu la nadharia. Usizirundike zote tatu kwenye mapitio kisha usiziguse tena kwenye uchambuzi. Nadharia iko pale ikuambie uulize nini.

Uamilifu wa wanasosholojia Durkheim na Parsons unaiona familia na shule kama taasisi zinazosaidiana kumjenga mtoto ashike maadili ya jamii. Utoro kwa jicho hilo ni dalili kwamba ushirikiano umelegea. Lakini Parsons alikuwa akiitazama familia ya Kimarekani ya baba, mama na watoto wao. Ukiibeba picha hiyo bila kuirekebisha, nyumba ya bibi na wajukuu watano itakuwa "familia iliyovunjika" kabla hujauliza swali la kwanza.

Mtazamo wa migogoro utakuuliza nani anabeba gharama. Hapo una mengi ya kushika. Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 uliondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, ila sare, madaftari na chakula vimebaki mikononi mwa wazazi. Uliza kitu kimoja kimoja, kwa shilingi, kwa muhula uliopita tu: viatu, shati, madaftari mangapi, mchango wa uji. Swali la jumla la "unatumia kiasi gani kwa elimu?" huzaa namba za kubahatisha.

Kwa utafiti wako mimi ningemchukua Bourdieu, mwanasosholojia Mfaransa mwenye nadharia ya mtaji wa kitamaduni. Wengi wanaupunguza mtaji wa kitamaduni ukawa "kiwango cha elimu ya mzazi", na hapo wanapoteza kiini chake. Mtaji huo ni pamoja na kujua shule inavyoendeshwa: kuisoma ripoti, kujua umwone nani jambo likiharibika, kuzungumza na mwalimu bila kujiona mdogo. Unapimika. Mwombe mlezi akuonyeshe daftari la hesabu la mtoto, kisha tazama: analijua lilipo? Analifungua mwenyewe au anamwita mtoto alisome? Alama nyekundu anaielezaje?

Ongeza swali la lugha. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Mlezi anayeona mtoto wake atafika kidato cha kwanza akwame kwenye lugha, huyo hajalala. Anapiga hesabu, na hesabu yake inastahili kuandikwa.

Tahadhari moja. Ripoti ya mwanasosholojia Coleman ya 1966 ilionyesha kwamba Marekani hali ya nyumbani ilieleza tofauti za matokeo ya wanafunzi zaidi kuliko rasilimali za shule. Mwaka 1983 watafiti Heyneman na Loxley walilinganisha nchi 29 na kukuta kwamba katika nchi maskini shule yenyewe ina uzito mkubwa zaidi. Usiweke mzigo wote kwa wazazi kabla hujahesabu madawati na walimu.

Daftari_Jekundu

Mahudhurio nayo yana mambo yake. Mwaka wa masomo una siku 194, hivyo mwenye asilimia 80 amekosa siku 39 hivi. Chukua mstari huo, kwa sababu ndio kiwango ambacho TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, imekuwa ikikidai kwa watoto wa kaya za mpango wake.

Usihoji kaya za watoro peke yake. Hutakuwa na cha kulinganisha nacho. Chukua 30 za watoto walio chini ya asilimia 80 na 30 za wanaohudhuria vizuri, wa darasa lilelile na ikiwezekana kitongoji kilekile. Ukikuta bibi walezi ni wengi sawasawa pande zote mbili, basi bibi si chanzo.

Daftari la mahudhurio usiliamini bila kulipima. Pengine hujazwa Ijumaa kwa wiki nzima, na utaliona: wino mmoja, mkono mmoja, alama zimenyooka bila kosa. Nenda siku tatu bila taarifa, hesabu vichwa saa 2 asubuhi, kisha rudia baada ya mapumziko ya saa 4. Tofauti ya hesabu hizo ni watoto walioondoka, na mara nyingi shule isiyo na uji ndiyo yenye pengo kubwa. Kisha panga utoro kwa mwezi. Ukipanda Oktoba na Novemba, ni msimu wa kuvuna korosho. Ukipanda siku moja ya kila wiki, ulizia siku ya gulio.

Mtafiti_Kusini

Nashukuru sana wakuu. Swali dogo: mtendaji wa kijiji amejitolea kunizungusha nyumba kwa nyumba. Nimkubalie?

KayaKwanza

Barua ya kibali mpelekee yeye na mtendaji wa kata, ila nyumbani kwa watu usiende naye. Halmashauri nyingi zina sheria ndogo za kuwatoza faini wazazi wa watoro, na mtendaji ndiye anayezisimamia. Akisimama nyuma yako, kila mtoto atakuwa "anaenda kila siku". Mwombe balozi wa nyumba kumi akutambulishe asubuhi kisha aendelee na shughuli zake. Rudi saa 10 jioni watu wakishatoka shambani, na nyumba ambayo hukumkuta anayetoa hela ya daftari, omba namba yake umpigie jioni hiyohiyo.