Nimeambiwa nina mapunjo ya karibu milioni 31 kwenye mafao yangu, ila nilipie kwanza. Ni kweli?

Mwalimu wa Muheza

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimestaafu Juni 2025 baada ya kutimiza miaka 60. Nilianza kazi Julai 1991 na karibu miaka yote nimefundisha darasa la kwanza na la pili, kusoma na kuandika. Ni mjane, naishi Muheza.

Mafao yangu hayakuchelewa, namshukuru Mungu. Mkupuo uliingia benki shilingi 46,427,000 na ushee, pensheni ya mwezi ni 464,000. Nikaezeka nyumba upya, nikamaliza deni la dukani, zimebaki milioni 41.

Jumanne iliyopita saa nne asubuhi nilikuwa nachambua mchele, simu ikaita. Mwanamume, sauti ya upole kabisa, akaniamkia, "Shikamoo Mwalimu." Akataja majina yangu yote matatu, shule niliyostaafia, na cheki namba yangu, ile namba ya utumishi, tarakimu kwa tarakimu. Akasema anapiga kutoka makao makuu ya Mfuko wa pensheni (PSSSF), Dodoma, kitengo cha mapunjo. Kisha akaniuliza, "Mama, unamfahamu mwalimu yeyote aliyestaafu kabla ya 2022? Yeye alilipwa ngapi?"

Namfahamu. Tulifundisha jengo moja. Alipata zaidi ya milioni 70, akanunua shamba la michungwa huko Mkuzi. Nilipotamka tu ile namba nikasikia kifua kinabana, kwa sababu tumefanya kazi ileile, chaki ileile. Akaniambia na mimi nilistahili milioni 77, kwamba mtu wa halmashauri aliniingiza kwenye hesabu isiyo yangu, na tofauti ya karibu milioni 31 ipo, inasubiri faili lifufuliwe. Nikatuma 180,000 ya kulifufua kwa simu. Lilipotokea jina la mpokeaji lilikuwa la mwanamke. Nikasita, kidole kikiwa juu ya kitufe. Akasema huyo ni karani wao wa fedha. Nikabonyeza.

Leo anataka 620,000 ya kuachilia malipo, mwisho Ijumaa saa sita, na nisimwambie mtu wa halmashauri kwa kuwa ndio waliokula. Sijawaambia wanangu. Naona haya.

Kuna ukweli hapo? Na la pili: hizi milioni 41 nizifanyeje? Kijana wangu mkubwa anaomba 15 za kununua Noah ya abiria.

Binti wa Kilosa

Shikamoo mama. Usitume hata mia. Baba yangu alituma mara nne, kila mara wakimwambia hii ndiyo ya mwisho. Ya mwisho haikuwepo. Tafadhali mama, mwite mtoto mmoja leo usiku umwambie.

Wakala Moro

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa hapa Morogoro mjini, mwaka wa saba sasa. Nikueleze ninachokiona kutoka upande wangu wa dirisha.

Mwezi wa tatu alikuja mzee mmoja, shati jeupe limepigwa pasi, simu ipo sikioni, hasemi nami ila kwa ishara. Ameshika 400,000 taslimu na namba imeandikwa kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Nikamuuliza, "Mzee, unamtumia nani?" Akaweka kidole mdomoni ninyamaze. Nikasikia sauti ndani ya simu inasema, "Usikate, mzee wangu, ukikata mfumo unaanza upya." Hapo nikajua. Nikamwambia mtandao umekatika, asubiri dakika kumi, nikamvutia kiti. Yule wa kwenye simu akaanza kufoka. Mzee alipoona mtu aliyekuwa anamwita baba sasa anamfokea kama mtoto, mwenyewe akakata. Akakaa pale, wino umeyeyuka kwa jasho, akaniomba maji.

Kwa hiyo Mwalimu, angalia mambo haya: mtu hataki ukate simu, hataki umshirikishe mtu, na anataka fedha iende kwenye namba ya mtu binafsi. Ofisi ya umma haina karani wa kupokea fedha kwa simu yake.

Ile 180,000, ungepiga 100 huduma kwa wateja dakika zilezile, wangeweza kuizuia kama bado ipo kwenye akaunti ya yule mama. Baada ya wiki, kusema kweli, imeshatolewa. Piga hata hivyo. Uirushe ile namba kwa ujumbe kwenda 15040, ndiyo namba ya kuripoti matapeli, halafu upite polisi upate RB, namba ya taarifa yako. Meseji ya muamala usiifute.

Mhasibu Mstaafu

Mwalimu, pole sana. Nimekuwa mhasibu wa halmashauri miaka 33, na barua za wastaafu zimepita mezani kwangu nyingi. Naomba usinijibu kwanza. Chukua kalamu na karatasi, tupige hesabu ya mafao yako wewe mwenyewe, maana tapeli amekupata kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa nawe mkaipiga.

Julai 1991 hadi Juni 2025 ni miezi 408. Wastani wa mishahara yako bora ya miaka mitatu, nikirudi nyuma kutoka kwenye mkupuo uliotaja, ni kama 1,100,000 kwa mwezi, yaani 13,200,000 kwa mwaka. Linganisha na karatasi yako. Sasa gawa 408 kwa 580, namba ya kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, zidisha kwa 13,200,000. Unapata 9,285,517. Hiyo ni pensheni yako nzima ya mwaka, kabla haijakatwa vipande viwili. Asilimia 40 yake zidisha mara 12.5, nayo ni ya kikokotoo, inakuja 46,427,585. Ndiyo iliyoingia benki. Asilimia 60 iliyobaki gawa kwa miezi 12, inakuja 464,276. Ndiyo unayopokea kila mwezi. Hujapunjwa hata shilingi.

Je, ile milioni 77 ameitoa wapi? Hakuibuni, na hili ndilo linaloniumiza. Kabla ya Julai 2022, sisi tuliokuwa kwenye mifuko ya zamani ya pensheni, PSPF na LAPF, tulikokotolewa kwa kugawa na 540, tukalipwa nusu nzima kwa mkupuo, mara 15.5. Weka miezi yako 408 na mshahara wako humo, unapata 77,293,000. Kisha kikokotoo kikabadilika, mkupuo ukawa asilimia 33, watumishi wakalia nchi nzima, na kuanzia Julai 2024 kwa kundi letu ikapandishwa hadi 40. Kwa hiyo mwenzako alilipwa kihalali kwa sheria ya wakati wake na wewe kwa sheria ya wakati wako. Hakuna faili la kufufua. Tapeli amechukua maumivu ya kweli ya watumishi akayafanya mtego.

Na tazama kitu kimoja ambacho hatakutajia: kwa hesabu ile ya zamani pensheni yako ya mwezi ingekuwa 415,000 na kidogo. Wewe unapata 464,000. Unamzidi mwenzako karibu 49,000 kila mwezi kwa mshahara uleule. Sisemi kwamba inafuta tofauti ya mkupuo, sikubaliani na wanaosema hivyo. Lakini ni fedha yako na ni nzuri kuijua.

Kuhusu haya: Mwalimu, hukutapeliwa kwa ujinga. Mtu aliyekuja na cheki namba yako na hesabu sahihi ya kikokotoo cha zamani angempata hata mhasibu. Mwambie kijana wako leo. Siri ndiyo inayompa tapeli Ijumaa yake.

Sasa milioni 41. Mimi nilistaafu 2017. Nilinunua vifaranga 1,000 wa mayai, nikajenga banda la tofali, kwa kuwa kila mtu aliniambia mayai yanalipa. Yanalipa, kwa anayejua kufuga. Mimi nilikuwa nimekaa ofisini maisha yangu yote, sijawahi kufuga hata bata. Bei ya chakula ikapanda, ugonjwa ukaingia wiki ambayo nilikuwa msibani Singida, na baada ya miezi 14 banda lilikuwa tupu. Milioni 19. Mke wangu hakusema neno, alilifagia lile banda akaweka kuni.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba fedha ikae. Miezi sita usianzishe chochote. Iliyochukua miaka 34 kupatikana haiwezi kukosa miezi sita ya kupumzika.

Lakini isikae bure. Kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS. Mfuko wa Hatifungani, ukiweka kuanzia milioni 10 unaweza kuchagua gawio la kila mwezi, kuanzia milioni 5 kila baada ya miezi sita. Mfuko wa Ukwasi ni wa fedha ya dharura, kuitoa ni siku chache tu za kazi. Hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba, zinauzwa na Benki Kuu kwa mnada, unaanzia milioni 1, unaingia kupitia benki yako au dalali aliyesajiliwa wa soko la hisa, na riba inaingia akaunti yako mara mbili kwa mwaka. Ila ya miaka 20 au 25 ni ndefu. Ukiihitaji fedha kabla, unaiuza sokoni kwa bei ya siku hiyo, nayo inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Mimi ningeweka sehemu kubwa kwenye gawio la mwezi, sehemu kwenye Ukwasi kwa ajili ya hospitali na misiba, na hati fungani kwa kiasi ambacho una hakika hutakigusa. Nenda mwenyewe ofisini au benki, usipitie kwa mtu wa kati. Atakayekuahidi fedha kuzaa maradufu ndani ya miezi mitatu, kumbuka DECI, ule mchezo wa kupanda mbegu za fedha. Serikali ilipoisimamisha 2009, walioipandia mbegu walibaki na stakabadhi.

Kijana hajakosea kuomba. Noah ni kazi. Ila aendeshe ya mtu kwanza, miezi sita, apeleke hesabu kila jioni kama wenzake, na akuletee daftari: mafuta, matairi, faini, siku gari imelala gereji. Daftari likisema vizuri, mzungumze. Na hata hapo usimpe 15 zote, awe na chake.

Mwalimu wa Muheza

Mhasibu kaka yangu, nimeipiga hiyo hesabu mara tatu kwenye daftari la mjukuu. Inatoka. Nimelia kidogo, kisha nikatulia.

Swali moja: cheki namba yangu aliipata wapi?

Mhasibu Mstaafu

Dada, siku ya kuagwa, hakuna mtu aliyepiga picha barua yako ya kustaafu akaiweka kwenye kundi la WhatsApp?

Mwalimu wa Muheza

Ni mimi mwenyewe. Niliiweka kwenye kundi la walimu, watu 240, nikaandika "Bwana ni mwema." Barua yote inasomeka, jina, cheki namba, shule. Nimeifuta usiku huu, ingawa najua imeshasambaa.

Mwalimu wa Muheza

Narudi kuwapa mrejesho, Jumatatu.

Nilimwambia kijana wangu usiku ule ule. Hakunilaumu, alinishika mkono tu. Ijumaa tukapanda basi hadi ofisi ya Mfuko Tanga, nikiwa na kitambulisho na karatasi zangu. Binti wa dirishani akafungua taarifa zangu, miezi 408, akanigeuzia kioo nione. Akasema hawampigii mstaafu kumdai fedha, wala hakuna fao linalolipiwa ili litoke. Tukiwa bado hapo simu ikaita, ni yeye, ilikuwa saa tano na nusu. Nikamuuliza, "Mwanangu, nimetumikia miezi mingapi?" Akasema mfumo uko chini atanipigia. Hajapiga tena. RB ninayo, namba nimeituma 15040. Ile 180,000 haikupatikana.

Noah tumeiahirisha. Kijana ameshapata gari ya kuendesha njia ya Tanga, ameanza jana, na daftari nimemnunulia mimi.

Ila lipo jambo jingine. Kijana alinibonyezea *106# tuone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho changu cha NIDA. Mimi nina mbili. Zimetokea tatu. Hiyo ya tatu siijui kabisa. Wakala mwanangu, hapo nafanyaje?

Wakala Moro

Mama, nenda kesho asubuhi duka la mtandao wenyewe wa hiyo laini, siyo kwa wa mwavuli. Beba kitambulisho, watakuchukua alama ya kidole, uwaambie hiyo namba huitambui na unaikana, waifute kwenye NIDA yako. Subiri hapohapo, usiondoke. Ubonyeze tena *106# ukiwa mbele yao hadi uone zimebaki mbili.