Mrejesho: tulivyomkumbuka mama, Wete, Pemba

Assalaam alaykum. Kabla ya arobaini niliwauliza hapa tumkumbuke vipi marehemu mama yetu, maana ndugu zangu wa Dar walitaka fulana zenye picha yake na mimi nikaona haya.

Fulana hazikuchapwa. Tulimsomea hitma nyumbani baada ya Alasiri, kisha nikafuata ushauri wa yule mwenzenu aliyesema niwaache wazee wazungumze. Kumbe sikumjua mama hata nusu!

Mimi nilimjua wa jamvini. Msimu wa karafuu anachambua mpaka usiku, vidole vyeusi, makonyo (vijiti vya karafuu) pembeni, na wingu likitanda sote tunapigiwa ukelele tukaanue. Karafuu ikinyeshewa kabla haijakauka huota ukungu, bei ikaanguka. Hapo hakujua mtoto wala mgeni.

Jirani yake ndiye aliyetutobolea siri. Zile pishi za karafuu mama alizokuwa akizitenga hazikuwa za nyumba. Alisomesha watoto watatu wa marehemu shoga yake, madaftari na sare za skuli, na mmoja wao alikuwa amekaa palepale barazani, analia. Kaka yangu mkubwa, aliyezoea kumwita mama bahili (nami nikicheka, Mungu anisamehe), alitoka nje asirudi mpaka Magharibi.

Kisima cha sadaka kwa ajili yake bado tunakichangia. Mkeka aliouacha, ukili umeshonwa nusu, shangazi amekataza tusiumalize. Nimeukunja, nimeuweka chumbani kwake.

Ahsanteni sana kwa dua zenu.