Mkono na shavu vinamruka Baba, dawa za kifafa hazifui dafu

Kifunguamimba: Habarini wapendwa. Baba ana miaka 64, kifafa hakijui. Mwezi wa pili sasa mkono wake wa kulia unaruka ghafla na shavu la upande huohuo linavutika, sekunde mbili tatu basi. Juzi nilikaa naye nikihesabu: mara 31 kabla ya adhuhuri. Vikombe vimemponyoka hadi tumemnunulia cha plastiki. Swali moja anauliza mara nne. Kashapewa dawa mbili za kifafa, wapi! Sasa daktari anataka kupima kingamwili kwenye damu na maji ya uti wa mgongo. Kinga si ndiyo hutulinda? Inaletaje kifafa?

NesiMstaafu: Pole mwanangu. Kingamwili kazi yake kunasa vijidudu. Zikikosea zikanasa protini za ubongo wenyewe, umeme wa ubongo unavurugika. Mruko wa mkono na uso upande mmoja, mfupi, mara kibao kwa siku, kwa mtu wa umri huo, ndio unaotufanya tufikirie kingamwili za LGI1, yaani zinazonasa protini ya ubongo iitwayo hivyo. Dawa za kifafa peke yake mara nyingi hazizuii. Steroidi, dawa za kutuliza kinga, ndizo huzima. Msizichelewe, kumbukumbu ndiyo inayoliwa. Sodiamu yake, chumvi ya kwenye damu, ikoje? Kwa wengi wao hushuka.

Niliyerudi: Mimi yangu ilikuwa ya kingamwili za NMDA, zinazonasa kipokezi kingine cha ubongo. Nilianza kuona watu wasiokuwepo nikalazwa wodi ya akili, degedege ikafuata baadaye. MRI, picha ya ubongo, safi kabisa! Chanzo kilikuwa uvimbe kwenye ovari. Ukakatwa, nikasafishwa plazima, maji ya damu, kuondoa kingamwili. Ugonjwa huu daktari wa neva Josep Dalmau na wenzake waliuelezea 2007 tu, kwa hiyo usishangae daktari mwingine akikuangalia tu.

Mbishi: Tusimtie mtu tamaa. Si kila kifafa ni cha kinga, na kingamwili za GAD, protini iliyoko kwenye ubongo na kongosho, kwa kiwango kidogo hukutwa hata kwa mwenye kisukari asiye na kifafa. Na steroidi hupandisha sukari, mwulizeni daktari. Za kifafa msiziache ghafla.

Kifunguamimba: Shikamoo mama nesi. Nimefungua faili lake: sodiamu 127, iko chini, imeandikwa tangu mwezi uliopita! Walimwambia apunguze kunywa maji, ikaishia hapo. Sukari hana. Jumatatu tunarudi, na leo nimemrekodi kwa simu akishika kijiko. Miruko mitatu ndani ya dakika moja.

NesiMstaafu: Marahaba. Hiyo video mwonyeshe kabla hujasema neno.