Nastaafu mwakani, tuuze nyumba Dodoma tukajenge Tanga?

Mama_Ipagala

Mbukwenyi wadau, na wakubwa wote humu shikamooni. Naomba mawazo ya waliokwishapita njia hii. Mimi ni mtumishi wa umma, mwakani natimiza 60 kwahiyo ofisini naondoka nitake nisitake, mume wangu yeye alishastaafu zamani na kazi yake sasa hivi ni kulalamikia vumbi. Tuna nyumba ya vyumba vitatu Ipagala, tulijenga kipindi kile serikali haijahamia huku, kiwanja bei ya kutupa, leo madalali wanagonga geti kila wiki.

Shida ni pumu ya mzee. Ikifika Agosti Septemba upepo ukianza basi ndani hakukaliki, madirisha yanafungwa mchana kutwa na bado ukipitisha kidole mezani unaandika jina. Halafu ile baridi ya Juni Julai usiku, magoti yangu nayajua mimi. Sasa kuna ndugu yake alitualika Tanga mwezi wa 7 tukakaa Sahare, jamani!! kaupepo ka bahari, maji bombani muda wote, changu mbichi asubuhi, watu hawana haraka, na mzee hakukohoa kabisa. Tangu turudi wimbo ni mmoja tu, tuuze tukajenge Tanga.

Mimi moyo unasita. Watoto wawili wako Dar, mmoja yupo hapa hapa na wajukuu. Kwa mnaoijua Tanga, hali ya hewa ndo ile ile mwaka mzima? Na mkupuo wangu, yaani hela ya kustaafu inayolipwa kwa mara moja, nikiuzamisha kwenye tofali nabaki na nini? Naomba kuwasilisha, kejeli hapana.

Mdigo_wa_Nzuguni

Shikamoo mama yangu. Mimi Tanga ndo kwetu, nimekulia Ngamiani zile barabara za namba, kazi ndo imenileta huku kwenye mawe. Nikwambie tu mwezi wa 7 umepelekwa kwenye onyesho. Miezi hiyo inavuma kusi, ule upepo wa msimu unaotokea kusini, hewa imepoa, hata sisi wenyewe asubuhi tunavaa sweta watu wa bara mnatucheka. Nenda Januari mpaka Machi kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikiwa imekaa, ndo utaijua vizuri. Ukiangalia kwenye simu inasoma 32, 33, utasema mbona Dodoma Novemba ni hivyo hivyo, ila huku hewa ni kavu jasho linakauka, kule hewa imejaa maji jasho linabaki mwilini. Na usiku haishuki. Dodoma hata jua liwake vipi ikifika saa sita usiku unatafuta shuka, Tanga Februari unageuza mto utafute upande wa baridi na upande wa baridi hamna.

Na mvua zipo misimu miwili, masika Machi mpaka Mei, vuli kuanzia Oktoba, kwa mwaka ni kama mara mbili ya hizi za Dodoma za Disemba mpaka Aprili. Kwahiyo matope nayo yapo mama, sio upepo tu.

Sikukatishi tamaa lakini, nikistaafu mimi narudi. Joto la Tanga bado nalichagua kuliko la Dar, na maji hujakosea, yanatoka Bwawa la Mabayani mto Zigi, na 2024 mamlaka ya maji ya kule iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, shilingi bilioni 53 na ushee ili kupanua miundombinu.

Nesi_Mstaafu

Hapo kwenye pumu ngoja niseme kidogo maana watu wanafikiri bahari ni dawa. Pumu ya mtu ina vichochezi vyake. Kama cha mzee ni vumbi la upepo na hewa kavu ya baridi, kweli pwani atapata nafuu. Ila pwani ina vyake, unyevu unaleta ukungu kwenye kuta na kabatini, na wale wadudu wadogo wasioonekana wanaokaa kwenye godoro na mito wanapenda sana unyevu, kuna watu kinachowabana ni hao hao. Kwahiyo asije akatupa pampu yake ya kuvuta kisa ameona bahari! Na kama kuna mmoja wenu anatumia vidonge vya presha vile vya kukojoza, joto la fukuto linataka uangalizi, unatoka jasho, unakojoa, na ukishafika umri wetu kiu huisikii vizuri, unashtukia kizunguzungu. Ongea na daktari kabla ya safari sio baada.

Na chandarua. Dodoma tumezoea vibaya, malaria huku ni kidogo, kule mbu ni wenyeji.

Kongwa_Juu

Mimi nasema mtulie. Watu mnakimbia Dodoma leo wakati wenzenu ndo wanakuja! Mama angalia hospitali kwanza, hapa una Benjamin Mkapa, wanapandikiza figo tangu 2018, moyo wanatibu, unachukua bajaji tu. Tanga Bombo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, sio mbaya, ila likitokea la moyo la kutisha mnaelekezwa Dar au KCMC Moshi, kote huko ni kilomita mia tatu na zaidi kwa barabara. Halafu cha kuchekesha, tangu treni ya SGR ianze 2024 wewe wa Dodoma unafika Dar kuona watoto au kwenda Muhimbili mapema kuliko wa Tanga, yeye bado yuko kwenye basi Segera huko anahesabu tochi za trafiki.

Vumbi panda miti. Mikwaju, miarobaini, upande unaotokea upepo, miaka michache tu utaona tofauti. Wazee wetu walikaa hapa na mlenda wao wakazeeka vizuri tu.

Mdigo_wa_Nzuguni

@Kongwa_Juu miti mtapanda kwa maji ya mgao? 😂

Kongwa_Juu

Mwarobaini hauna mpango na maji yako kaka.

FundiNondo

Nimejenga pande zote mbili, niongelee nyumba maana ndo hela inapoishia. Ukijenga karibu na bahari chumvi inakula bati, inakula misumari, grili, bawaba za milango, nje ya AC, kila kitu cha chuma. Bati la bei rahisi usiliguse, chukua lile lenye mchanganyiko wa alumini na zinki, na ulifatilie kupaka rangi. Kuna mafundi watakwambia mchanga wa ufukweni upo bure tuchote, usikubali hata kidogo, ile chumvi inaenda kula nondo ndani ya zege, ukuta unapasuka ukiwa umeshamaliza kulipa na fundi hapatikani kwenye simu. Dirisha weka makubwa upande wa mashariki na kusini ukapokee upepo, sio kama hizi za Dodoma tunazobana. Dari juu, baraza pana.

Na viwanja vya "baharini kabisa mama, miguu kwenye maji" muwe makini. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza kujenga makazi ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Dalali hilo hakwambii, anakwambia view.

Mzee_wa_Chumbageni

Dada salaam. Sisi tulitoka Dodoma Area C tukaja Tanga baada ya kustaafu, kwahiyo nasema ninachokiona kila siku. Mji umetulia, tambarare, wazee wa rika langu wanaendesha baiskeli mpaka sokoni, samaki unawafata Deep Sea asubuhi, machungwa ya Muheza msimu wake unapewa mpaka unakataa. Majirani wanabisha hodi na kisahani. Mke wangu alikuwa na wasiwasi sana ila sasa hivi ukimwambia turudi mnagombana.

Ila wajukuu dada, hilo sikufichi. Kutoka hapo mpaka huku unazunguka Morogoro, Chalinze, Segera, siku nzima imeisha, na mtoto aliyesema "tutakuja kila likizo" naye ana ada za kulipa. Wale wa Dar wanakuja, wa Dodoma tunamsikia kwenye simu. Mkiwa watu wa kupenda watoto wakipiga kelele uani mlipime hilo kabla ya pumu na kabla ya bati.

Kuhusu hela. Mkupuo siku hizi kwa sisi wa serikali ni asilimia 40, inayobaki unalipwa kidogo kidogo kila mwezi na hiyo inakufata popote ulipo, kwahiyo kuhama hakuigusi. Unachokigusa ni huo mkupuo, na mimi nimeona wastaafu wenzangu wamejenga hapa jumba la vyumba vitano, wanalala kimoja, vinne wamelaza popo. Ipagala msiuze! Watumishi wanatafuta nyumba kila siku huko, pangisheni, kodi ya hapo inalipa nyumba ya kupanga huku na chenji inabaki. Mkipenda mtajenga, msipopenda mnafunga virago mnarudi kwenu hakuna aliyeumia. Na kaongee na afisa utumishi wako sasa hivi kuhusu nauli na mizigo ya kustaafu, usisubiri barua.

Mama_Ipagala

Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Mzee nimemsomea kwa sauti, kwenye ukungu wa kabatini akanyamaza, kwenye popo akacheka mpaka nikaogopa pumu itaamka. Tumekubaliana hivi, hatuuzi. Nikishastaafu tutapanga Tanga kuanzia Disemba mpaka Aprili, yani tule kaskazi yote na mwanzo wa masika, Ipagala atakaa kijana wetu aache kulipa kodi. Akivuka Februari bila kulalamika nitaamini anaipenda Tanga kweli. @Kongwa_Juu miarobaini tunapanda pia, mvua za kwanza tu.

Swali la mwisho, Chumbageni na Sahare wapi panafaa kwa watu wazima? Na kuna dalali anataka kodi ya miezi sita na hela yake juu, miezi miwili, ndo utaratibu?

Mzee_wa_Chumbageni

Chumbageni, hospitali ya Bombo iko jirani, na sokoni unaenda kwa mguu. Sahare pana hewa nzuri ila usiku ukitaka panadol unatafuta boda. Miezi sita wenye nyumba wengi wanaomba, mkionana ana kwa ana atashuka mpaka mitatu, mwambie ni wastaafu hamna watoto wa kuchora ukuta. Dalali wake ni kodi ya mwezi mmoja tu, huo wa pili ameona namba ya simu ya Dodoma akajua ni mheshimiwa.