Mafundi kompyuta wa Mbeya, acheni kutuambia "kadi imeungua" kabla hamjaangalia chochote!!

Wakuu habari za usiku, naandika nikiwa na hasira na baridi la huku Uyole juu yake, kama kuna fundi humu ataona nimemsema yeye basi sawa tu.

Mimi naediti video za harusi na sendofu. Mashine yangu ni deskitopu ya siku nyingi kidogo, natumia Linux (mfumo wa bure badala ya Windows) mwaka wa tatu sasa, ina kadi ya grafiki ya kuchomeka na monita mbili, kero yake ilikuwa moja tu, saa kurudi nyuma kila nikichomoa umeme. Wiki mbili zilizopita nikaipeleka kwa fundi mmoja Mwanjelwa, jina simtaji, aipulize vumbi, abadilishe betri ya saa na kwa vile bando langu ni la kuungaunga aniapgredie kabisa mfumo kwenda toleo jipya. Elfu thelathini nikatoa papo hapo.

Nafika home nawasha, maandishi makubwa kama bango la mkutano wa injili, monita ya pili kimya, nikicheza video inarukaruka na feni inalia kama mashine ya kusaga. Nampigia, hata hajaniuliza inaonyesha nini, "dada hiyo kadi imeungua, ninayo nyingine hapa laki mbili na nusu, nakufungia leo leo". Imeunguaje wakati nimekuletea nzima? Eti umeme wa Uyole. Halafu akamalizia na lile neno lao, "haya mambo ya kiufundi niachie mimi dada".

Sasa jamani, waya wa monita umechomekwa kwenye kadi hiyo hiyo!! Kama imeungua hiyo picha naiona kwa maombi?

Nikakesha nayo. Napiga lspci -k (amri ya kuorodhesha vifaa na draiva zake, yani programu zinazoviendesha), kadi inaonekana na jina lake kamili, ila chini yake ule mstari wa draiva inayotumika haupo kabisa. Kwenye mipangilio, sehemu ya grafiki, pameandikwa llvmpipe, yani kadi imekaa tu haina kazi na prosesa ndo inachora kila kitu kwenye skrini, ndo maana feni inalia vile. Nikawaza ni ile kawaida, kerneli (kiini cha Linux) ikibadilika draiva ya kampuni iliyotengeneza kadi lazima ijengwe upya kwa kerneli hiyo, labda haikujengwa. Amri ya kukagua hilo, dkms status, inasema imejengwa. Nikafuta draiva nikaweka upya (bando likaisha, nikakopa lingine), nikarudi kerneli ya zamani kupitia GRUB (menyu ya kuwashia), wapi. Saa saba usiku nikajaribu kuipakia kwa mkono na modprobe, ikanitemea hii: "Key was rejected by service", yani ufunguo umekataliwa.

Kumbe draiva ipo, inazuiwa mlangoni. Secure Boot, ule ulinzi wa kwenye BIOS (programu ya bodi inayoamsha mashine)! Mimi niliizima siku ya kwanza naweka Linux. Fundi alivyochomoa betri ya saa, BIOS ya bodi yangu ikasahau kila kitu ikarudi ya kiwandani, Secure Boot ikawaka, na ikishawaka kerneli haipokei draiva ambayo haijasainiwa kwa ufunguo inaoutambua. Na mimi nina langu la kujilaumu, nilipoweka draiva upya iliniomba paswedi, nikaandika, ilipojiwasha likaja skrini la bluu linaulizia MOK (ufunguo anaousajili mwenye mashine) nikalipita haraka nikijua ni takataka. Pale ndo unatakiwa kuchagua Enroll MOK na kuandika ile paswedi, usipofanya hivyo umetwanga maji kwenye kinu. Anayetaka Secure Boot ibaki apite njia hiyo, mimi kwa usingizi niliokuwa nao niliingia BIOS nikaizima. Dakika mbili. Monita zote mbili zikawaka, feni ikanyamaza.

Laki mbili na nusu!! Ningekuwa nayo ningempa, na angenifungia kadi nyingine yenye draiva kama hiyo ikagoma vile vile.

Leo nimepita kwake kudai angalau nusu ya hela yangu. Hela hana. Ila kaniomba nimwandikie hizo hatua kwenye karatasi, maana ana mashine mbili za wateja pale ndani, nazo "kadi zimeungua". Moja ni CPU nyeusi yenye stika ya kanisa ubavuni. Mwenye nayo kama upo humu, usitoe hela, nichek inbox.