Kikundi cha ukoo, Ngamiani Barabara ya 12, Tanga: Baba anakwenda Vegas kuangalia zege

*Jumamosi*

Nasra: Assalaam alaykum ukoo, shikamooni. Viza ya baba imetoka 🎉🎉 Anakwenda maonyesho ya World of Concrete, Las Vegas, Januari. Shangazi Rukia atamleta Bibi kutoka Minneapolis waonane hukohuko. Siku nne. Sasa tunatafuta pa kulala, mwenye neno aseme.

Mjomba Hamisi (Mombasa): Waalaykum salaam, marahaba. Hongera shemeji. Lakini nieleweshe. Watu wauza mashamba waende Vegas kucheza kamari, wewe wapanda ndege tatu kwenda kuangalia zege?

Baba Nasra: Zege na mashine zake, shemeji. Kuna wanaosawazisha sakafu kwa leza. Sisi huku bado tunavuta ubao.

Zainab (Dar): Ba'mdogo shikamoo. Mimi nina neno moja tu: BELLAGIO.
[picha]
[picha]
[picha]
Tazameni maji ya mbele ya hoteli yanavyocheza jamani 😍

Shangazi Rukia: Zainab mwanangu, nani analipa?

Zainab (Dar): Shangazi, mtu anaenda mara moja katika umri wake 😂 Kama siyo Bellagio basi Mirage. Shoga yangu alilala pale 2019, nje mlangoni kuna volkano inalipuka kabisa.

Idi (Phoenix): Zai, Mirage ilifungwa Julai 2024. Panakuja hoteli ya Hard Rock, jengo la umbo la gitaa. Na Tropicana iliyofunguliwa 1957 waliilipua Oktoba 2024, usiku wa manane, fataki na droni juu kama arusi.

Baba Nasra: Waliilipua yote kwa mpigo? Nitafutie video.

Nasra: Baba, tunatafuta hoteli ya kulala, siyo ya kubomoa.

Mama Nasra: Vitenge vya wax vimeingia, doti 2 bei ya kutupa, njoo inbox

Mama Nasra: Samahanini, nimekosea kikundi 🙈

Idi (Phoenix): Shikamooni wakubwa. Vegas napita na lori karibu kila mwezi na nimelala pale mara tatu nne, ngoja niwachoree. Hoteli zote mnazoziona kwenye picha zimepangana barabara moja, Las Vegas Boulevard, wenyewe wanaiita Strip. Urefu kama kilomita 7. Uwanja wa ndege uko kusini, karibu kabisa. Ukumbi wa ba'mdogo, Convention Center, uko huku kaskazini, nyuma ya Strip upande wa mashariki. Mji wa zamani, Fremont Street, uko kaskazini zaidi. Kosa la kila mgeni ni kutazama ramani akasema "ah, hii imepakana na ile". Kupakana zimepakana. Ila toka lifti ya hii mpaka lifti ya ile ni dakika 20, unapanda daraja, unashuka daraja, na katikati unakatiza kasino.

Idi (Phoenix): Na cha ajabu, nyingi ya hizo hoteli kiserikali haziko hata ndani ya jiji la Las Vegas. Eneo linaitwa Paradise, liko chini ya kaunti ya Clark.

Mjomba Hamisi (Mombasa): Peponi kuna kamari?? Astaghfirullah 😂

Shangazi Rukia: Hapo kwenye kasino rudia. Mama ana pumu, goti lenyewe mnalijua, na ni hajjat. Kasino si ina chumba chake, anayetaka ndiye anaingia?

Idi (Phoenix): Hapana shangazi. Kasino ndiyo sebule. Mapokezi huku, lifti kule, katikati mashine na meza. Ukienda kula unapita, ukirudi unapita, ukisahau miwani chumbani unapita mara mbili. Wamepanga makusudi. Hata saa ya ukutani hutaiona, usije ukajua kumekucha. Na sigara humo ndani ruksa. Wana sheria ya 2006 ya kuzuia sigara, ila ukumbi wa kasino ukaachwa.

Shangazi Rukia: Basi Bellagio imetoka. Mirage imejitoa yenyewe.

Zainab (Dar): 😭😭😭

Mjomba Hamisi (Mombasa): Mimi nimefanya kazi hoteli za pwani miaka mingi, mgeni akiingia kwetu kitu cha kwanza twampa dafu, cha pili twamuonyesha bahari. Hao wamuonyesha mashine ya kumlia hela. Haya, hakuna hoteli isiyo na kasino huko?

Idi (Phoenix): Zipo mjomba, ndiyo nilikuwa naelekea. Ya kwanza ipo Vdara, imeshikana na Bellagio kwa nyuma, ya 2009, haina kasino wala sigara. Kwa Bibi safi sana, ila ipo magharibi ya Strip na maonyesho yako mashariki, ba'mdogo kila asubuhi atavuka. Ya pili Renaissance, jirani kabisa na Convention Center. Haina kasino, ba'mdogo anakwenda kwa miguu. Lakini shangazi na Bibi watakaa kutwa wanatazama maegesho ya magari.

Baba Nasra: Mimi hiyo ya miguu ndiyo naitaka.

Shangazi Rukia: Kaka, wewe unakwenda kazini. Mama amefungiwa na theluji tangu Novemba, ukuta ameuona wa kutosha.

Idi (Phoenix): Westgate nayo imepakana na Convention Center. Ya 1969, ndipo mwimbaji Elvis Presley alipopiga maonyesho 636. Kasino ipo tele lakini.

Mjomba Hamisi (Mombasa): Elvis huyo huyo? Shemeji, hapo mimi ningelala hata kwenye ngazi.

Nasra: Mjomba huendi wewe 😂 Idi malizia.

Idi (Phoenix): Ya mwisho, na mimi ndiyo ninayoipigia debe: Signature. Ni minara mitatu nyuma ya hoteli ya kasino ya MGM Grand, ila yenyewe haina kasino, haina sigara. Vyumba vina jiko dogo, friji na maikrowevu. Ukitaka vurugu unafuata ukumbi mrefu unatokea MGM Grand, usipotaka unatoka zako mlango wa barabarani. Halafu kuna ile treni ya juu, monorail, inaanzia MGM Grand inapita nyuma ya hoteli za upande wa mashariki na inasimama Convention Center penyewe. Ba'mdogo hapandi teksi hata moja.

Shangazi Rukia: Jiko gani? Chai inachemka?

Idi (Phoenix): Shangazi hapo umegusa donda. Hoteli za Vegas vyumba vingi havina birika wala mashine ya kahawa, wanataka ushuke ukanunue chini. Na mkikuta friji imejazwa soda na karanga msiiguse. Nyingine ukiinua chupa tu, hata hujafungua, inakuandikia deni.

Mama Nasra: Atabeba birika letu la umeme, jipya kabisa.

Idi (Phoenix): Mama mdogo, umeme wa huku ni volti 120. Birika la volti 240 litatoa robo ya nguvu zake. Chai ya asubuhi watainywa adhuhuri.

Baba Nasra: Kweli. Volti nusu, nguvu robo. Na plagi haiingii.

Shangazi Rukia: Nitakuja nalo langu. Na majani, na iliki, na sukari. Yaani tuko Las Vegas tunajadili birika 😂

Nasra: Nimefungua bei. Signature inaonyesha dola 180 kwa usiku, tarehe zetu. Na nimeona nyingine kwenye Strip dola 94!!

Idi (Phoenix): Pole pole Nasra. Mimi mwaka 2022 niliona hoteli moja, siitaji, dola 39. Nikajiona mjanja. Nafika mapokezi naambiwa kuna ada ya lazima ya kila siku, resort fee, dola 45. Ada kubwa kuliko chumba! Nikauliza ya nini, wakasema intaneti na bwawa la kuogelea. Ilikuwa Januari, bwawa limefungwa. Halafu wakaongeza kodi, halafu kuegesha gari nako kwa hela. Nililala na hasira mpaka asubuhi.

Mjomba Hamisi (Mombasa): 😂😂😂 Dola 39 ilikuwa mahari, bado mkaja.

Idi (Phoenix): Sasa kuna nafuu kidogo. Tangu Mei 2025 serikali kuu imewalazimisha waweke hiyo ada ndani ya bei ya mwanzo, usishtukizwe mwisho. Kodi ndiyo bado inaongezwa juu, kwenye Strip ni asilimia 13 na ushei. Kwa hiyo Nasra, angalia hiyo 180 ni pamoja na ada? Na hiyo 94, angalia iko wapi na sigara vipi.

Nasra: 180 ni pamoja na ada. Kwa hiyo siku nne 720, kodi kama 96, jumla 816 na senti. Vyumba viwili zidisha.

Baba Nasra: Kwa shilingi usiniambie.

Nasra: Sikwambii.

Shangazi Rukia: Chumba changu na mama nalipa mimi. Kaka lipa chako.

Mjomba Hamisi (Mombasa): Neno la mzee wa mapokezi. Mkifika, wakiomba kadi, wazuia hela zaidi ya bei, amana ya kila usiku. Shemeji ukitoa kadi ya benki ya kawaida, hela yako yafungwa, wakuachilia ukishaondoka na bado yachukua siku kurudi. Waweza kukosa ya kula na salio ulilo nalo. Rukia na atoe kadi ya mkopo kwa vyumba vyote viwili, mtalipana nyumbani.

Shangazi Rukia: Sawa kaka Hamisi. Hilo sikulijua.

Zainab (Dar): Na Januari joto eeh? Bibi abebe dera?

Idi (Phoenix): Joto wapi! Jangwa hilo, Januari usiku nyuzi 4. Hiyo kukaangika ni Julai, 2024 ilifika 48.9.

Shangazi Rukia: Nyuzi 4 kwetu Januari ni kiangazi. Abebe dera.

*Jumapili*

Shangazi Rukia: [sauti 3:41] Bibi huyo, amesikia mjadala wenu wote.

Mama Nasra: Niko kwenye daladala, mwenye nafasi aandike.

Nasra: Naandika kwa ufupi. Bibi anasema: Wajukuu zangu, marahaba nyote. Nimesikia mnanikinga na kamari tangu jana. Mie kamari naijua kabla hamjazaliwa. Babu yenu, Mungu amrehemu, aliliwa baiskeli ya Raleigh kwenye pata potea pale sokoni, akarudi kwa miguu akaniambia imeibwa. Nikajua mwaka mzima baadaye, kwa aliyeila. Kwa hiyo nipitisheni popote, macho yangu sitayafumba. Moshi tu ndiyo siuwezi. Na kulala nalala popote penye choo cha karibu. Nikifika nataka kitu kimoja, yale maji ya Zainab.

Zainab (Dar): BIBI NAKUPENDAAAA 😭❤️

Baba Nasra: Baba aliliwa ile Raleigh?? Mimi nilichapwa kwa ile baiskeli! Walisema niliiacha nje.

Mjomba Hamisi (Mombasa): 😂😂😂 Shemeji, dai fidia.

Idi (Phoenix): Bibi maji yale utayaona bure, wala huhitaji kulala pale. Unasimama tu kando ya barabara mbele ya Bellagio. Kuanzia saa mbili usiku mpaka saa sita yanacheza kila dakika 15, nyimbo tofauti. Nitakuja na gari toka Phoenix, nakushusha karibu, na kiti cha kukunja nabeba.

Baba Nasra: Idi ukija na gari, njia yako si inapita bwawa la Hoover?

Idi (Phoenix): Inapita hapohapo ba'mdogo. Toka Vegas ni kama kilomita 50.

Baba Nasra: Basi siku ya nne ni hiyo. Sikilizeni. Lile bwawa lina kimo cha mita 221. Zege walilimwaga 1933 mpaka 1935. Zege likishika linatoa joto, na zege la ukubwa ule likiachwa lenyewe lingechukua miaka mingi kupoa na lingepasuka. Wakamwaga kwa vipande vipande kama masanduku, ndani wakalaza mabomba ya chuma, wakapitisha maji ya baridi. Likishapoa wakajaza mabomba saruji. Mwaka 1935! Mimi mwaka jana nimemwaga msingi wa ghorofa nne hapa Tanga ukanipasukia.

Mama Nasra: Tumesikia, mume wangu. Hoteli.

Nasra: Baba, ndiyo, Signature au Renaissance? Bei inapanda nikiangalia. Zege halilali.

Baba Nasra: Signature. Ila chumba changu kisiwe mbali na cha mama.

Shangazi Rukia: Nalipia sasa hivi. Nimeomba ghorofa za chini na vyumba jirani, wamesema wataangalia siku ya kufika.

Mjomba Hamisi (Mombasa): Fika mapema, ongea na mtu kwa upole, mtaje mama mwenye goti. Mtu wa mapokezi akikupenda funguo zapatikana.

Shangazi Rukia: IMELIPWA ✅ Vyumba viwili, siku nne.

Nasra: Alhamdulillah 🙏 Idi, na chakula halali?

Idi (Phoenix): Wahabeshi wamejaa Vegas, madereva wengi wa teksi ni wao, na migahawa yao ipo ya kutosha. Nitauliza ipi inachinja kiislamu. Msikiti upo pia, Masjid As-Sabur, si mbali na mji wa zamani.

Zainab (Dar): Shangazi, video ya maji msisahau. Ya kulala, simu ilale, siyo ya kusimama.

Shangazi Rukia: Bibi anauliza nani alikwambia atashika simu. Ataangalia.

Baba Nasra: Idi, ile video ya Tropicana hujanitumia.